Semliki, Mto Usio na Bwawa



Jumamosi moja, mwishoni mwa mkutano wetu parokiani, kijana mmoja alisimama akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesikia redioni habari za mabwawa makubwa ya umeme, yale ya Inga katika nchi yetu na mengine katika nchi za jirani. Akasema: "Mwalimu, mto wetu wa Semliki una maji mengi namna hii, na hakuna bwawa hata moja lililojengwa juu yake. Je, hayo si maji yanayopotea bure?" Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza wakingoja.

Tulimwomba atupe muda. Kwa zaidi ya miaka 30 tumefundisha jiografia darasani na katekisimu kanisani, na kazi hiyo imetuzoesha kuliogopa jibu linalotoka mdomoni kwa haraka. Kuhusu mto huu tulikuwa na sababu ya pekee ya kuogopa, kwa maana tulikwisha kuufundisha vibaya, na baadaye tukautendea vibaya. Yote mawili tutayasimulia hapa.

Tena tunaandika kwa sababu nyingine. Sisi tulipokuwa na umri wenu, tuliweza kupanda lori asubuhi pale Beni na kulala Ishango, au kupanda kwa miguu njia ya mlimani kutoka Mutwanga. Tangu mwaka 2014, mauaji na vitisho katika eneo la Beni vimewafungia wengi wenu njia hizo. Mmekulia kando ya mto ambao hamjauona unakoanza wala unakoishia. Wengine mmeuvuka mara moja tu, usiku, mkikimbia na godoro kichwani. Kwa hiyo twende pamoja, walau kwa maneno, kutoka juu mpaka chini, kisha tulirudie swali la kijana wetu.

Mlango wa ziwa

Mto Semliki unaanzia Ishango, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Uso wa ziwa hilo uko kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 900 juu ya usawa wa bahari. Tulifika huko mara ya kwanza tulipokuwa wanafunzi wa shule ya ualimu. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuahidi kwamba tutauona mto ukizaliwa, nasi tukatazamia kelele na mapovu. Tulikuta maji mapana yaliyotulia, viboko wakipumua kwa mbali, na ndege wamejipanga mchangani. Mwenzetu mmoja aliuliza mto wenyewe uko wapi. Mwalimu akaokota jani kavu, akalitupa majini, akatuambia tulitazame. Jani lilisimama kidogo kama mtu anayetafuta njia, kisha likaanza kwenda upande wa kaskazini, polepole, bila kurudi. Tulikuwa tumeutazama mto muda wote huo bila kuutambua.

Mahali pale watu wamekaa tangu kale sana. Mwaka 1950, mtaalamu wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango kijiti cha mfupa kilichochanjwa alama nyingi zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 20,000, nacho kimehifadhiwa Brussels. Wako wanaosema kwamba alama hizo ni hesabu, na wako wanaosita, mabishano hayajaisha. Huko Katanda, kando ya mto huohuo, zilipatikana ncha za chusa za mfupa zenye meno, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa, na wataalamu walizikadiria kuwa na umri wa karibu miaka 90,000. Basi kabla ya shule, kabla ya parokia, na kabla ya mpaka wowote kuchorwa kwenye ramani, palikuwa na watu waliojua kambare hupanda lini, na wapi pa kumsubiri. Waliujua mto wao kuliko wengi wetu tunavyoujua leo.

Sasa angalieni kazi ya ziwa hilo. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha inashuka kutoka milimani na kuingia ndani yake. Wakati wa mvua kubwa inakuja na ghadhabu na matope. Ziwa linaipokea, linainuka kidogo, matope yanatua chini, na kule Ishango maji yanatoka kwa kipimo. Wakati wa kiangazi mito hiyo inapungua, lakini ziwa linaendelea kutoa. Hili ndilo ghala la kwanza la Semliki. Hakuna fundi aliyelijenga, wala hakuna serikali iliyolikopea fedha.

Mlima unaoshika maji

Upande wa mashariki wa bonde umesimama mlima Ruwenzori. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, nacho kiko mpakani mwa Kongo na Uganda. Ruwenzori haukuzaliwa kwa moto kama Nyiragongo au Nyamulagira. Ni jabali la kale lililosukumwa juu na mipasuko ya ardhi, ilhali bonde lilizama kando yake. Kwa hiyo mlima na bonde ni ndugu wa tendo moja.

Jambo linalotushangaza kila tunapolichora ubaoni ni jinsi maji yanavyouzunguka mlima huo. Mvua iangukayo upande wetu wa magharibi hushuka kwa mto Butahu na vijito vingine na kuingia Semliki moja kwa moja. Mvua iangukayo upande wa mashariki, nchini Uganda, hushuka kwa mito kama Mubuku hadi Ziwa George, hupita mfereji wa asili wa Kazinga, huingia Ziwa Edward, hutoka Ishango, kisha hupita chini ya mlima uleule upande wetu. Matone mawili yaliyoanguka juu ya jabali moja, likatengana kila moja na njia yake, hukutana tena ndani ya Semliki.

Tulipokuwa vijana tulipanda mlima huo kutoka Mutwanga. Njia hupita vituo vya Kalonge na Mahangu, kisha Kiondo kilicho zaidi ya mita 4,000. Sisi tuliishia Mahangu, kwa sababu miguu ilikataa. Chini kuna msitu mnene. Juu yake mianzi. Juu ya mianzi kuna miti iliyopinda, yenye ndevu ndefu za kijani zinazoning'inia. Na mbele zaidi, kama walivyotusimulia waliofika, kuna vinamasi ambamo mimea ya lobelia husimama mirefu kama watu. Mzee aliyetuongoza alitusimamisha mahali fulani, akachomoa donge la kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayofunika mawe na vigogo, akalikamua kwa mkono mmoja. Maji yalimwagika kama kutoka katika nguo iliyotoka kufuliwa. Mvua haikuwa imenyesha tangu siku iliyotangulia. Mzee hakusema neno. Alilirudisha donge mahali pake, akalibonyeza kwa kidole, akaendelea na njia.

Siku hizo tuliamini kwamba mito ya Ruwenzori hulishwa na theluji na barafu ya vileleni. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyofundisha. Barafu hiyo imepungua sana: mwanzoni mwa karne ya 20 ilifunika takriban kilomita za mraba 6 na nusu, na mwaka 2003 haikufikia hata kilomita moja ya mraba. Ni msiba kuipoteza. Hata hivyo wataalamu waliopima maji ya mto Mubuku waligundua kwamba kuyeyuka kwa barafu kulichangia chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Yaliyobaki yote yanatokana na mvua, nayo mvua hushikwa na msitu, na mianzi, na vinamasi, na yale madonge ya kijani ambayo mzee alitukamulia. Mlima wenyewe ni ghala la pili. Mlango wake hauna chuma. Umefungwa kwa mizizi.

Mteremko wa msituni

Kutoka Ishango mto hupita kwanza katika nchi ya nyasi, kati ya kingo za udongo mweupe na mwekundu. Baadaye unavukwa na barabara ya Beni kwenda Kasindi, ambapo wengi wenu mmeuona kutoka dirishani mwa gari: maji ya rangi ya kahawia, mapana, yenye nguvu, yaendayo chini ya daraja bila kugeuka. Kisha unaingia msituni. Kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert mto huteremka karibu mita 300, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika mwendo wake wa kati, mlima ukiwa upande mmoja na ukingo wa bonde ukiwa upande wa pili. Maji yanaruka juu ya mawe, yanagawanyika, yanakutana, yanaruka tena.

Fundi wa mabwawa akipafika hapo macho yake hung'aa, wala hatumlaumu. Lakini maporomoko hayo yamefanya kazi tangu zamani. Katika Ziwa Albert anaishi sangara, samaki mkubwa ambaye wengi huku tunamwita kapiteni. Katika Ziwa Edward hakuwamo. Vivyo hivyo mamba walikuwa wengi upande wa chini, na kwa muda mrefu hawakujulikana katika ziwa la juu. Mto ni mmoja, maji ni yaleyale, lakini maporomoko yaliwatenganisha wakaaji wa juu na wa chini, na kila ziwa likawa na jamii yake ya samaki. Ndiyo maana mvuvi wa Vitshumbi na mvuvi wa Ziwa Albert hawatupi nyavu zao kwa mawindo yaleyale.

Chini ya msitu mto unabadilika tabia. Nchi inakuwa tambarare, nao unaanza kupinda kushoto na kulia kama nyoka aliyeshiba. Mto Lamia, uliotoka Ruwenzori, unaungana nao, na kuanzia hapo kwenda chini Semliki ni mpaka kati yetu na Uganda. Huo ni mpaka usiotulia. Mto unakula ukingo mmoja na kuujenga mwingine. Mwaka wa mafuriko unaweza kuukata mzingo na kujichimbia njia mpya, na shamba lililolala katika nchi moja likaamka ng'ambo. Wakubwa wa nchi mbili wamelijadili jambo hilo. Mwisho wa yote mto unaingia Ziwa Albert katikati ya matete na vinamasi vipana, ambako unayaacha matope yaliyobaki kabla ya kulikabidhi ziwa maji yake. Hilo ni ghala la mwisho.

Kosa letu la kwanza

Hapa ndipo penye kosa la kwanza tulilotaja. Katika miaka yetu ya mwanzo ya ualimu tuliwaambia wanafunzi, kama tulivyolisoma kitabuni, kwamba mito ya nchi yetu humiminika katika mto Kongo na hatimaye katika bahari ya Atlantiki. Msichana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliinua mkono. "Mwalimu, baba yangu anasema maji ya Ishango yanakwenda kaskazini, na kwamba hayarudi." Tulimjibu kwamba baba yake ni mvuvi, na kwamba kitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Darasa likacheka. Alikaa chini, na mwaka ule wote hakuinua mkono tena.

Baba yake alisema kweli. Sisi wenyewe tulikuwa tumeliona jani likienda kaskazini, na bado tukaamini karatasi. Maji ya Semliki hayaingii kamwe katika mto Kongo. Kutoka Ziwa Albert yanaingia Naili, yanapita Uganda na Sudan Kusini, yanatawanyika katika vinamasi vikubwa vya Sudd, na ukuta mkubwa wa kwanza kuyazuia ni bwawa la Jebel Aulia, karibu na Khartoum, lililokamilika mwaka 1937. Kisha yanapita jangwani, yanafika Aswan, na kinachobaki kinaingia bahari ya Mediteranea. Mvua iangukayo kwenye mabega ya magharibi ya bonde letu inaweza kugawanyika penye kilima kimoja: sehemu inashuka kwa mto Ituri kwenda Kongo na Atlantiki, sehemu inashuka kwa Semliki kwenda Misri. Tulikuwa tumeketi juu ya moja ya mipaka mikubwa ya maji katika Afrika, na tukamnyamazisha mtoto aliyetaka kutuonyesha.

Miaka mingi baadaye tulikutana naye sokoni, akiwa mama wa watoto. Tulimwambia kwamba siku ile alikuwa sahihi. Alicheka, akasema: "Mwalimu, baba alikwisha kufa. Ungemwambia yeye." Neno hilo tunalo mpaka leo.

Kosa letu la pili

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu tulilitenda pamoja na vijana kama ninyi.

Nyuma ya shule yetu kulikuwa na kijito kidogo, mojawapo ya vile visivyo na jina kwenye ramani, ambacho kwa njia ndefu humwaga maji yake katika Semliki. Juu ya kijito palikuwa na kinamasi, pana kama viwanja viwili vya mpira, kilichojaa matete na mafunjo. Watu walikilalamikia kwa sababu ya mbu. Kikundi cha vijana kilikuwa kinatafuta mradi wa kupata fedha za safari na za kununua ngoma. Sisi ndio tuliotoa wazo: tukate matete, tuchimbe mfereji wa kukausha tope, tupande mboga katikati na kakao kandokando. Vijana walifanya kazi kwa moyo. Mfereji ulichimbwa kwa siku 6, maji meusi yakakimbia, na ardhi ikabaki nyeusi na yenye rutuba. Tulisimama juu yake tukajisifu. Mwaka wa kwanza tulivuna mboga nyingi, na ngoma zikanunuliwa.

Msimu wa mvua wa mwaka wa pili, usiku mmoja, kijito kilishuka chote kwa mara moja. Zamani mvua ya namna ile ilikiinua kwa siku 3 au 4, kikawa kinene na cha polepole. Usiku ule kilikuja na kuondoka kabla ya alfajiri. Kiliondoa kivuko cha magogo walichopitia watoto wa ng'ambo kuja shuleni, kikabeba tofali zilizokuwa zikingoja kujenga darasa, na kikalala juu ya shamba la mihogo la mama mmoja mjane, kikamwachia mchanga na mawe. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyekufa. Watoto wa ng'ambo walikaa nyumbani wiki 5.

Tulidhani hilo ndilo pigo lenyewe. Lakini kiangazi kilipokuja, chemchemi iliyokuwa chini ya kinamasi, ambayo wazee walisema hawajaiona ikikauka, ilipungua mpaka ikawa uzi. Mabidoni ya njano yalipangwa foleni tangu saa 10 za usiku, na wasichana wakachelewa masomo. Yule mama mjane alikuwa kwenye foleni. Hakutugombeza. Alituambia tu: "Mwalimu, lile tope ndilo lililokuwa linatuwekea maji."

Sisi tulikuwa na diploma, tulikuwa na ramani ukutani, tulikuwa tumemwona mzee wa Mutwanga akikamua maji kutoka katika kuvumwani, na hatukuwa tumeelewa. Tulikuwa tumelibomoa bwawa bila kujua kwamba ni bwawa. Halikuwa na ukuta wa saruji, wala mlango wa chuma, wala jina la mfadhili, kwa hiyo tuliliita tope.

Tuliitisha vijana, tukakiri mbele yao na mbele ya yule mama. Mfereji ulifukiwa, na kazi ya kufukia ilikuwa ngumu kuliko ile ya kuchimba, maana udongo uliokuwa umetoka ulikwisha kwenda na maji. Matete yalipandwa upya kwa mikono. Kakao ya kandokando tuliiacha, kwa kuwa mizizi yake haikuwa na kosa. Shamba la mama tulilipalilia misimu miwili. Leo kinamasi kimerudi nusu yake, na chemchemi imerudi, ingawa wazee wanasema haijawa kama zamani. Kuharibu kulituchukua siku 6, kutengeneza hatujamaliza.

Jibu letu

Basi, kijana wetu, hayo ndiyo tuliyoyapata kuhusu swali lako. Maji ya Semliki hayapotei. Yanakaa kwanza mlimani, katika msitu na vinamasi, yanakaa ziwani, yanakaa chini ya ardhi, yanakaa katika matete ya Ziwa Albert, na kutoka ghala hadi ghala yanafika kwa watu ambao hatutawaona kamwe. Anayekata msitu wa mlimani ili achome makaa, au anayekausha kinamasi ili apande mboga, analifungua ghala la jirani yake, hata kama hana nia mbaya. Sisi hatukuwa na nia mbaya.

Kabla ya kutuma ukurasa huu tulimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimeelewa, Mwalimu. Lakini umeme tutapata wapi? Mimi nasomea kwa tochi ya simu." Ni haki yake kuuliza, wala hatutaki mtu ajifunike na sifa za mto ili asimjibu mwanafunzi anayekaa gizani. Umeme wa maji si adui. Kwenye mto Butahu, pale Mutwanga, uko mtambo mdogo uliojengwa na Hifadhi ya Virunga na kuanza kazi mwaka 2013: unachukua sehemu ya maji, unayapitisha bombani, unayarudisha mtoni, na taa zinawaka. Mtambo wa namna hiyo hauna ziwa kubwa nyuma yake. Unategemea mto usikauke kiangazi wala usije wote kwa usiku mmoja, maana yake unategemea msitu ulioko juu. Hata bwawa kubwa lingejengwa kesho, mlima ukiwa mtupu, lingejaa matope. Kule Bukavu takataka zinazotupwa Ziwa Kivu hufika mpaka kwenye mitambo ya mto Ruzizi na kuiziba. Kwa njia yoyote utakayotafuta umeme wako, kijana wetu, utapita kwanza kwa mzee aliyelirudisha donge la kuvumwani mahali pake.

Hakuridhika sana. Alisema atauliza tena wiki ijayo, nasi tutamngoja.

Kwa mkutano wa kikundi

1. Kijito kilicho karibu na kanisa lenu kinaanzia wapi, na kinaingia katika mto gani? Fuateni njia yake kadiri usalama unavyoruhusu. Mahali msipoweza kufika, waulizeni wavuvi, wakulima na wakimbizi waliotoka huko.

2. Ni mahali gani katika kijiji chenu watu wanapaita tope, pori au ardhi bure? Nani anapata maji kutokana na mahali hapo wakati wa kiangazi? Nendeni mkamwulize yeye mwenyewe kabla ya kuanza mradi wowote.

3. Je, yuko mtu katika kikundi chenu aliyewahi kusema kweli na akachekwa? Mpeni nafasi aseme tena.